Saa ya Mjomba Iliyokausha Bahari

Enzi zetu bahari ilikuwa jirani usiyembishia hodi. Wenzangu mliokulia Likoni, upande wa bahari kuu, mtanielewa. Maji yakianza kukupwa sisi tushafika, magauni tumeyafunga viunoni, tunacheza mpira wa matambara juu ya mchanga mbichi, tunaminya majongoo bahari ili yawarushie wenzetu maji usoni. Tulikwenda chuoni kwa mwalimu wa Kurani miguu ikinuka mwani, tukachapwa, tukatoka hapo tukanunua mabuyu, ndimi zikawa nyekundu, maisha yakaendelea. Watoto wa leo ukiwaambia washuke pwani wanakuuliza kama huko kuna mahali pa kuchajia simu.

Kujua maji yatakupwa saa ngapi hakukutaka shule. Nyanya yangu, mamake mama, alitazama mwezi tu. Ukiwa mpevu alisema, "Kesho bamvua," yaani zile siku ambazo bahari hujaa sana na kukupwa sana. Huku kwetu bamvua maji hukupwa saa nne asubuhi, kisha hujaa saa kumi jioni. Basi saa nne wanawake walikuwa wameshasambaa mwambani na vikapu vyao, wanachokoa pweza mashimoni, huku wakisengenya kwa sauti ya kusikika Zanzibar.

Ndipo mjomba wangu Athmani, kitindamimba wa nyanya, akarudi kutoka kazini Arabuni na saa ya mkononi. Wallahi hatukuwa tumeona kitu kama kile. Ilikuwa na kioo cha buluu, na pembeni pamechorwa kijibahari. Maji yakijaa, kimstari kinapanda, yakikupwa, kinashuka. Mjomba alilala mkono ukiwa nje ya chandarua ili saa ipate hewa. Ukimsalimu, "Shikamoo mjomba," alitazama saa kwanza ndipo akaitika marahaba.

Tatizo lilikuwa nyanya. Saa yake ya ukutani, kama za wazee wengi wa huku, ilifuata Kiswahili: saa moja asubuhi mshale uko kwenye moja. Alipoiona ya mjomba imeandika saba asubuhi, alikasirika.

"Jua limetoka sasa hivi, wao washafika saba? Wamekimbilia wapi? Itengeneze hiyo, Athmani. Nyumbani kwangu hatuna saa mbili."

Mjomba, mtoto mtiifu, akaibonyeza vifungo mpaka ikaandika moja. Nyanya akaridhika. Hakuna aliyejua kwamba kwa kubonyeza vile wameipindua bahari nzima.

Wiki hiyohiyo mjomba alikuwa na jambo zito. Alimtaka Mwanaidi, binti wa Bi Zuhura, na alimtaka kwa dhati. Hata chakula kilikuwa hakimshuki sawasawa. Bi Zuhura alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye jicho kali. Wachumba waliotangulia aliwarudisha makwao kwa sababu walikuwa waongo. Alikubali kuja kula kwetu jioni ya bamvua, na alisema wazi kwamba jibu la posa atalitoa baada ya kunawa mikono. Mjomba, kwa furaha, akaropoka kwamba atamlisha pweza wa nazi, na pweza huyo atamvua yeye mwenyewe kwa sayansi.

Siku yenyewe, saa nne asubuhi, nyanya alichukua kikapu chake. Mjomba akamzuia mlangoni.

"Mama, utazama! Tazama saa, bahari imejaa pomoni. Maji yatakupwa saa kumi."

"Athmani, mwanangu, mimi nimeshuka pwani tangu sijaota meno."

"Mama, hii ni kompyuta."

Nyanya alimpenda mno huyu mwanawe wa mwisho. Akakaa barazani, mimi nikakaa naye. Tukawatazama majirani wakishuka na vikapu vitupu. Tukawatazama wakirudi na pweza wananing'inia. Nyanya akamwambia, "Angalau nunua mmoja." Mjomba akatikisa kichwa kwa huruma, akasema wale wanawake ni mashujaa, wamevua kwenye kina kirefu bila kujijua.

Saa kumi ikafika. Mjomba alivaa kanzu ya kukaribishia mgeni, akaikunja hadi magotini, akachukua chuma cha kuchokolea. Mimi nilibeba kikapu. Tulipofika pwani, lo! Maji yalikuwa yamepanda mpaka kwenye mizizi ya mivinje. Mwamba hauonekani, mchanga hauonekani.

Mjomba akatazama bahari. Akatazama saa. Akatazama bahari tena, kana kwamba ndiyo iliyochelewa.

"Ni mawimbi ya juujuu tu," akaniambia. "Chini pakavu."

Akaingia. Maji yakamfika magotini, akaendelea. Yakamfika kiunoni, kanzu ikavimba na kuelea kama mwavuli, akaendelea. Yalipomfika kifuani aliinua mkono wenye saa juu kabisa, akapiga kelele, "Hapa hapana maji! Saa yasema hapana maji!" Nami nililia, maana nilidhani mjomba amerukwa na akili na hataoa tena.

Nyuma yangu nikasikia kicheko. Alikuwa Bi Zuhura. Alikuwa ametoka mapema ili apunge upepo kabla ya kuja kwetu.

"Athmani! Watafuta nini huko?"

"Pweza wako, mama!"

"Na hayo maji?"

"Kwa mujibu wa saa, hayapo!"

Bi Zuhura alicheka hadi akakaa chini mchangani, buibui na yote. Alicheka akafuta machozi kwa ncha ya mtandio, akatazama tena, akacheka upya. Jioni ile alikula mbaazi za nazi na mahamri, chakula cha asubuhi, maana ndicho kilichokuwepo. Mjomba alikaa kando akitetemeka, nusu kwa baridi na nusu kwa hofu. Bi Zuhura akanawa mikono taratibu, akasema, "Huyu mjinga, lakini si mwongo. Mwongo angerudi maji yalipomfika magotini. Nimempa."

Nilipokua ndipo nilipoelewa mkasa ule. Saa haina macho. Huihesabu bahari kwa saa uliyoiandikia, na kati ya saa ya Kizungu na ya Kiswahili pana tofauti ya saa sita, ambazo ndizo takriban zinazohitajika maji yaliyokupwa yajae. Kwa hiyo bahari ya mjomba ilikuwa sahihi kabisa, ila ilikuwa kichwa chini miguu juu.

Leo mimi ndiye mama mkwe mtarajiwa. Kijana anayemtaka binti yangu anatoka Nyali, ana adabu, ana kazi ofisini. Alikuja kwangu na pweza, tena mkubwa. Alimwagiza kwa simu, akaletwa na pikipiki ndani ya sanduku, mgumu kama tofali kwa barafu. Simu yake humwambia maji yatakupwa saa ngapi kwa dakika, upepo unatoka wapi, na joto la bahari limepanda kiasi gani hata pweza wanahama. Nilimsikiliza kwa heshima. Haya mambo ni ya kweli, na mengine yanatisha, na sisi hatukuyajua.

Kisha nikamuuliza, "Baba, wewe huogelea wapi?"

Akasema baharini hajawahi kuingia. Chumvi inamwasha. Ila ana picha nyingi.

Roho iliniuma, sitaficha. Enzi zetu tulikosea mengi, lakini hatukukosea tukiwa wakavu. Wao wameijua bahari yote, na haijapata kuwalowesha hata kisigino. Binti yangu aliniita jikoni akaniuliza kwa wasiwasi nitaongeza mahari kiasi gani. Nikamwambia sitaki hata shilingi zaidi. Avue viatu tu huyo kijana, ashuke pwani na mimi, alowe mpaka kifuani, halafu tutazungumza.