Mboto Chini ya Ukuta wa Tshopo

Swali lililoninyima usingizi mwaka ule lilikuwa dogo kiasi kwamba niliona aibu kumwambia mtu. Wale mboto waliojazana chini ya ukuta wa bwawa la Tshopo, walikuwa wanataka kupanda mto, au walikuwa wamekaa tu pale wanakula?

Kama walikuwa wanakula, basi hapakuwa na la kufanya. Povu linaleta chakula, samaki wanashiba, watu wanawavua, mambo yamekwisha. Lakini kama walikuwa wanapanda kwenda kutaga, basi kila asubuhi niliyoamka, nikanywa chai ya mchaichai na kuanza kuwaza upya, ilikuwa asubuhi iliyopotea. Mayai tumboni hayamngoji mtu amalize kuwaza. Nilikuwa nimehitimu biolojia chuo kikuu, na kitu nilichotoka nacho hasa kilikuwa uwezo wa kuona pande mbili za kila jambo na kubaki katikati.

Ilikuwa miaka ya uasi. Meli za Kinshasa hazikupanda tena mpaka Kisangani. Chumvi na sabuni zilikuja kwa ndege kupitia uwanja wa Bangboka, na petroli ilikuwa adimu hivi kwamba mji mzima ulisafiri kwa toleka, zile baiskeli za abiria zenye kiti cha sponji nyuma. Kazi ya biolojia haikuwepo. Niliishi kwa tonton, ndugu wa mama yangu, aliyekuwa fundi wa bwawa. Nyumba yake ilikuwa upande wa chini wa ukuta, karibu na mto kiasi kwamba tukizungumza mezani tulipaza sauti bila kujua. Wageni walidhani tunagombana.

Mvua kubwa zilipoanza na maji kugeuka rangi, nilikuwa nikishuka mawe mpaka kwenye kidimbwi kipana kilicho chini ya ukuta. Mboto ni samaki mpana, mwenye mgongo uliopanda na mdomo mdogo kama wa mtu anayetaka kupiga mluzi. Walikuja kwa makundi, wakakaa vichwa vikiwa vimeelekea ukutani. Mara mmoja akaruka, akagonga saruji, akarudi majini. Hapakuwa na njia ya samaki niliyoiona pale. Ngolo, kambare wetu, walijaribu kutambaa juu ya mawe mvua ikinyesha, na mmoja mmoja nadhani alifika alikotaka. Mboto hana ujanja huo. Anaruka, anagonga, anangoja.

Jirani yetu alikuwa mama mjane, mzaliwa wa familia za wavuvi wa kwenye maporomoko. Aliolewa huku Tshopo, na mume wake alipofariki alibaki na nafasi yake kati ya mawe, ambapo alitega migono, mitego ya kikapu inayosukwa kwa kamba za msituni. Kamba zenyewe hazikupatikana mjini. Zilikatwa na ndugu za marehemu mume wake, waliokuwa wakiishi juu ya bwawa, upande ambao msitu unagusa maji.

Kati ya nyumba yake na ya wakwe hao kulikuwa na desturi. Kikapu cha kwanza cha maji mapya hakiuzwi, wala aliyekitega hakili. Kinakaushwa kwa moshi na kupelekwa juu kwa wakwe, na wakwe wanatoa kamba za migono ya mwaka unaofuata. Mama yule alikuwa amepeleka hata mwaka ambao mabomu yalianguka mjini. Lakini wakwe walikuwa wameanza kununa. Mboto wakubwa walikuwa hawaonekani tena kwao, na wao walisema ni watu wa chini wanaomaliza.

“Kamba walizonipa mwaka jana,” mama aliniambia, “hata mbuzi angezikata na kwenda zake. Wakininyima mwaka huu, miye nitatega nini? Kanga yangu?”

Hilo ndilo lililokuwa mezani: kamba, na bila kamba hakuna migono, na bila migono nyumba ile haikuwa na chakula wala kazi.

Nilimwambia wazo langu kwa njia ndefu sana. Nilianza na mabwawa ya nchi nyingine, ambako samaki hujengewa ngazi za maji, au hupandishwa ndani ya tangi na kuachwa upande wa juu. Nilipitia joto la maji na umri wa samaki. Yeye aliendelea kupara magamba. Nilipomaliza, nilikuwa nimesema tu kwamba kikapu cha kwanza kingepanda kikiwa hai na kumwagwa mtoni juu ya bwawa.

“Niwapelekee wakwe samaki, halafu nizimwage mbele ya macho yao,” alisema. “Watasema mujane amepata wazimu.”

“Wangepata samaki wadogo baadaye, mama. Nadhani.”

“Unadhani.”

“Sina hakika.”

Alicheka kwa muda. Kisha akasema madume watakaushwa kama kawaida, ili wakwe wapate kitu cha kuweka mdomoni, na majike wenye mayai ningewabeba mimi. “Lakini wakifa njiani, ni wewe utawaelezea. Na Kifaransa chako chote.”

Nilitaka kujaribu kwanza. Niliomba mboto wawili kwa wavuvi wengine, nikatafuta bidoni, dumu la plastiki la kubebea maji. Pale kwetu bidoni zote za jirani na za sokoni zilikuwa zimebeba mawese, kwa sababu kila nyumba inapika kwa mawese na hakuna chombo kinachokwepa kuyabeba. Niliiosha moja kwa maji ya moto na majivu, nikainusa, nikaosha tena. Nikamtafuta kijana wa toleka aliyekuwa akiegesha mbele ya kwetu.

“Nimebeba bibi-arusi,” alisema akiifunga bidoni kwa mpira, “nimebeba mugonjwa, nimebeba jeneza, tena refu. Samaki anayekwenda matembezi, ni mara ya kwanza.”

Hatukufika mbali. Nilipofungua kifuniko, mboto wote wawili walikuwa wamegeuka matumbo juu, na juu ya maji palikuwa na duara ndogo za rangi ya dhahabu, nyembamba, zikichezacheza. Plastiki ilikuwa imeyanywa mawese miaka mingi, na sasa ilikuwa ikiyatoa. Mafuta yalifunika maji kama ngozi, na chini yake hapakuwa na pumzi.

Kijana wa toleka aliangalia juu ya bega langu. “Alors, umewapika kabisa,” alisema. “Bado chumvi.” Halafu akaona uso wangu, akaongeza kwamba rafiki yake alikuwa na bidoni isiyowahi kuona mawese, ilikuwa ya lotoko, ile pombe kali ya mahindi. “Watafika wanaimba.”

Mama aliwapika wale wawili kwa pilipili, akanipa sahani. Wakati huo kikapu chake cha kwanza kilikuwa tayari: alikuwa amechagua majike kwa kuwabonyeza tumbo taratibu, akawafungia ndani ya mgono mkubwa na kuuzamisha kidimbwini wakingoja. Madume walikuwa juu ya moshi. Mimi nilisema pengine tungoje wiki ijayo. Nilikuwa na sababu nyingi, na zote zilikuwa nzuri.

Ijumaa, tonton alirudi kazini mapema, akavua viatu mlangoni.

“Bon, sikiliza,” alisema. “Kesho tunafunga vana. Lazima tusafishe takataka kwenye wavu wa mashine ya umeme, maana hii moja iliyobaki ikisimama, mji mzima unalala giza.”

Nilijua maana yake. Vana ni mlango wa chuma unaoachia maji ya ziada kupita. Ukifungwa, kidimbwi cha chini kinatengwa na mto, kinabaki kama bakuli kati ya mawe, na mtaa mzima unashuka na mabeseni. Huwezi kuwalaumu, watu walikuwa wakila sombe, yale majani ya muhogo, bila samaki kwa miezi. Lakini beseni haliulizi mgono ni wa nani.

“Hamuwezi kungoja kidogo?” niliuliza.

“Nani angoje? Mashine?” Alinitazama. “Wale samaki wako.”

“Sijui kama wanapanda, tonton. Hicho ndicho kinachonisumbua. Nikiwahamisha bure, nimewanyima watu chakula, na nimemharibia mama kwa wakwe zake.”

“Na ukikaa hapa?”

Alikwenda kuoga.

Jikoni, kando ya mlango, kulikuwa na bidoni mbili za maji ya kunywa. Zilikuwa safi tangu zinunuliwe. Tantine, mke wa tonton, alikuwa akizilinda kama macho yake, na hakuna aliyeruhusiwa kuweka humo kitu chochote isipokuwa maji ya chemchemi. Nilikuwa nimepita karibu nazo wiki nzima nikisema sina chombo. Nilizibeba mpaka uani, nikazimwaga zote mbili kwenye shina la ndizi.

Tantine alitoka na mwiko mkononi. “Tutakunywa nini?”

“Nitachota tena.”

“Utachota sasa au utachota baada ya kufikiri?”

“Nikirudi, tantine. Leo.”

Alitazama maji yakipotea ardhini. “Ukizirudisha na harufu ya samaki,” alisema, “utakunywa wewe peke yako.” Na akarudi kwenye chungu.

Tulijaza bidoni maji ya kidimbwi kilekile. Kijana wa toleka alikata midomo ya bidoni kwa kisu kilichopashwa moto ili samaki wapite. Moyo uliniuma nikifikiri jinsi nitakavyomwambia tantine, lakini kisu kilikuwa kimekwisha kupita. Mama aliwatia mboto mmoja mmoja, mkono wake chini ya tumbo, na tukafunika kwa majani mapana yale ya kufungia kwanga, mkate wetu wa muhogo. Yeye alipanda toleka nyingine na kapu la madume waliokaushwa kichwani.

Njia ya juu ilikuwa na mashimo, na nilimwomba kijana aende polepole. Kisha niliona kwamba kila shimo lilikuwa likitikisa maji na kuyatia pumzi, nikamwambia aende tu.

“Amua, dada,” alisema. “Baiskeli hii haina masomo makubwa.”

Kwenye kizuizi cha askari tulisimamishwa. Askari alifunua jani kwa ncha ya kijiti.

“Hizi iko hai.”

“Ndiyo, chef,” alisema kijana. “Zinaenda kwa wakwe.”

“Kwa wakwe, na maji yao?”

“Wakwe wenyewe wagumu, chef. Hawataki kitu cha jana.”

Askari alicheka, akaingiza mkono majini. Nilisikia sauti yangu ikisema, “Wana mayai.” Alinitazama, akatazama bidoni, akautoa mkono na kuufutia kwenye suruali. Akachukua dume mmoja kutoka kapu la mama, akainua ufito wa mwanzi uliofunga njia.

Shemeji yake mama alikuwa akiziba mtumbwi aliposikia baiskeli. Alipokea kapu la samaki wakavu kwa mikono miwili, akashukuru, akalihesabu kwa macho. Halafu akaja kwenye bidoni. Uso wake ulichangamka.

“Mwaka huu umeleta na mbichi. Vizuri. Nitaita mwanamke aje na sufuria.”

Mama alinitazama mimi, kama tulivyokubaliana. Nilikuwa nimetayarisha maelezo njia nzima, ngazi za nchi nyingine, joto la maji, na nikayaacha yote.

“Si za kula, papa,” nilisema. “Tumezileta zitage huku. Kule chini ukuta unazizuia.”

“Una hakika zitataga huku?”

“Hapana.”

Aliendelea kunitazama. Mama alihamisha kapu tupu kutoka mkono mmoja kwenda mwingine.

“Lakini kule chini nina hakika hazitataga,” nilisema. “Kesho vana inafungwa, na zote zitakuwa ndani ya sufuria.”

Hakusema ndiyo. Hakusema hapana pia, na kwa desturi yangu ningesimama pale nikipima maana ya kimya chake mpaka jua lishuke. Badala yake niliinua bidoni ya kwanza, nikaingia mtoni na viatu, nikaiinamisha. Wawili wa kwanza walikwenda mara moja. Wa tatu alikaa kando ya mguu wangu kwenye maji ya kina kifupi, mapezi yakicheza, mdomo ukifunguka na kufungika. Niliogopa kumgusa. Nilipotazama tena hakuwepo, na sikuona alielekea wapi.

Kisha nyuma yangu nikamsikia shemeji akimwuliza mama, kwa sauti ya mtu anayeuliza jambo la kawaida, kama mwaka huu alitaka kamba nene au nyembamba.

“Nene,” alisema mama. “Zile za mwaka jana zilinichekesha.”

“Bon,” alisema shemeji. Nilimsikia akiondoka kuelekea nyuma ya nyumba, na nikarudi ukingoni kuchukua bidoni ya pili.