Aliyetia Maji Kwenye Kompyuta

Jumatatu asubuhi simu yangu ililia mfululizo, nikajua ama kuna mchango wa harusi ama kuna msiba. Ulikuwa msiba. Mama mwenye steshenari pale mtaani kwetu, Picha ya Ndege, aliyenichapia makala zangu kwa miaka mingi na kunisahihisha bila kuombwa, alipandwa na presha mwishoni mwa wiki na hakuamka tena. Kabla sijamaliza kusoma taarifa, kundi la WhatsApp la mtaa lilikuwa limeshajaa wataalamu wa maisha yake. Mmoja, jirani mstaafu ambaye hajawahi kukosa maoni, aliandika kwamba taifa limepoteza nguli wa teknolojia. Nililitazama jina lake mara mbili. Ni yeye yule aliyekuwa akisimama mlangoni kwa marehemu kila jioni na kuuliza kama kompyuta imeshakunywa chai.

Kwa msomaji asiyemfahamu, nieleze. Alikuwa mpiga chapa wa ofisini, akastaafu, akapanga fremu ya duka yenye paa la bati kando ya barabara. Alitoa kopi, alichapa barua, na alihariri video za harusi, kazi aliyojifunza mwenyewe akiwa na umri ambao wenzake wanajifunza kulalamikia magoti. Unyenyekevu hakuwa nao, na simsingizii kwa kuwa amekufa. Alikuwa na majivuno ya kuwatosha watu wawili. Tatizo lake lilikuwa kompyuta. Jua likishakaa juu ya lile bati, feni zilinguruma kama mashine ya kusaga, vumbi la barabarani likaingia ndani, na mashine ikazima yenyewe katikati ya kazi. Kwa kopi za vyeti hilo lilivumilika. Kwa harusi ya Mzenga halikuvumilika.

Huko Mzenga, Kisarawe, mzee mmoja mkulima alimwoza binti yake, na muda mfupi baadaye akafariki. Picha pekee zilizomwonyesha akitembea na kusema zilikuwa kwenye kompyuta ya huyu mama, na kila alipojaribu kuikamilisha video, mashine ilichemka ikazima. Mjane alipiga simu, akangoja, akapiga tena. Hapo ndipo mama akaamua kujiundia kompyuta nyingine: ndogo, ya kubebeka kwapani, inayopozwa kwa maji.

Mtaa mzima ukageuka chuo cha uhandisi. "Mama, maji na umeme ni maadui," jirani mstaafu alimfundisha mbele yangu. "Hata mtoto wa chekechea anajua."

"Gari lako lina rejeta?" mama akamuuliza.

"Linayo."

"Na betri?"

"Ipo."

"Basi nenda kawakamate waliokuuzia."

Alizunguka Kariakoo kutafuta kasha dogo, pampu ya ukubwa wa ngumi, rejeta nyembamba na mipira ya kupitishia maji. Kwenye lile kasha hakukuwa na nafasi hata ya kidole cha ziada. Alifunga, akafungua, akageuza rejeta, akafunga tena. Alipomaliza akajaza maji ya betri, yale yasiyo na chumvi, akawasha pampu peke yake bila kuupeleka umeme kwingine, akatandika karatasi laini za chooni chini ya kila kiungo ili aone kama panavuja. Palivuja. Habari zilifika hadi mtaa wa Mkuza kabla karatasi haijakauka: kompyuta ya mama imejikojolea. Watu waliofunga safari kuja kucheka walikuwa wengi kuliko waliowahi kuja kutoa kopi. Nilimkuta amerudishia mlango nusu, macho mekundu, bisibisi mkononi. "Nilitaka kuitupa jalalani, mwandishi," akaniambia. "Lakini nitamwambia nini yule mama wa Mzenga?" Akaukata upya mpira uliokuwa umekatwa mshazari, akaukaza, akatandika karatasi nyingine. Zilikaa kavu. Cha ajabu, habari hiyo haikufika hata duka la pili.

Video ilikamilika, mchana, jua likiwa juu ya bati. Angeweza kuipeleka kwenye flashi, lakini alitaka familia iseme yenyewe nini kibaki na nini kitoke, na arekebishe papo hapo. Niliendesha gari mimi. Yeye alipakata kompyuta iliyofungwa khanga na kunikemea kila tulipoingia shimoni. Kule tulisalimu, tukakaribishwa sebuleni, akaiunganisha na televisheni yao. Mzee akatokea kwenye kioo, amesimama kumpa binti yake nasaha. Katikati ya maneno akakohoa sana, akasahau alipofikia, akacheka mwenyewe, akaanza upya.

"Hapo kata, dada," mdogo wake yule mzee akasema. "Kaka anaonekana mgonjwa. Watu watasemaje?"

Mjane alikuwa ameinama mbele. "Usikate hata kidogo, dada. Kikohozi hicho nimelala nacho miaka yote. Rudisha nisikie tena."

Ikarudishwa. Mashine ile ilikuwa kimya kiasi kwamba tulisikia hadi mzee alivyovuta pumzi kabla ya kucheka. Mjane alilia, kisha akafuta uso na kulitazama lile kasha. "Hii haipumui?"

"Inapumua, mama, ila ina adabu," akajibu fundi wetu, na kwa mara ya kwanza nilimwona amekosa la kujisifia.

Mazishini salamu zilikuwa ndefu. Msemaji mmoja baada ya mwingine alieleza alivyosimama bega kwa bega na marehemu katika ubunifu wake. Mabega hayo nayakumbuka. Yalikuwa yameegemea mlango wake, yakitikisika kwa kicheko. Matanga yalipoisha, jirani mstaafu alimshauri binti wa marehemu aiuze mashine vipande vipande, kwa kuwa hakuna anayeijua. Binti akamjibu kwa heshima zote, "Shikamoo, baba. Naijua. Mama alinifundisha kubadilisha maji." Fremu imefunguliwa, na harusi zinaendelea kuhaririwa.

Sisi tuna utetezi wetu, tunaurithishana: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Kwa hiyo tunabana sifa, tusije tukamharibu mtu. Huyu hatukumsifu hata siku moja, na maji akatia vilevile, palipostahili. Ukimwona mtu anahangaika na jambo usilolielewa, na moyoni unaona linafaa, mwambie leo. Najua kwa nini tunapendelea kulisifu jeneza: aliye hai ana hatari ya kukuuliza ulikuwa wapi.