Siku Shangazi Alipochukuliwa Maneno

Nilipokuwa mtoto, meno ya mbele hayajaota upya, niliamini kwamba maneno ya mtu yanaweza kuchukuliwa kinywani mwake. Nitaeleza kwa nini, na mnisamehe nikipandisha sauti.

Kwetu, magharibi ya Tabora, njia ya zamani ya misafara ilipita kando ya mashamba. Palikuwa na rundo la mawe. Bibi alisema chini yake wamelala wapagazi walioanguka na mizigo mabegani, wakaachwa bila mtu wa kuuliza hata majina yao. Kila mpita njia aliongeza jiwe na kusema, "Pokeeni, mtupishe." Kisha kikaja kijiji cha ujamaa, na vijana wakayabeba mawe yale kujengea msingi wa ofisi.

"Atakayesema akiwa amesimama juu ya mawe hayo," Bibi alionya, "wenyewe watamchukulia maneno. Wao walikufa na yao."

Tulicheka. Lakini jirani yetu mmoja alipoulizwa ofisini humo majina ya wanawe, alibaki anatazama dari.

Zamu ya Shangazi Kalunde ya kuitwa ofisini, ahamie kijijini, ilifika mtama wake ukiwa na mashuke mabichi. Alitaka jambo moja tu: aachwe kwenye nyumba yake ya zamani mpaka avune. Angehama, ndege wangemaliza shamba, na chakula kingine cha mwaka hakuna. Alitwanga huku akijisemesha hoja zake, mpaka nami nikazishika. Hakuwa mtu wa kukosa neno; watu walimwita Redio.

Nje jua lilichoma, ndani ya ofisi palikuwa na baridi. Bwana kutoka wilayani hakuinua uso. Mlangoni mgambo na bunduki.

"Haya, mama. Kwa nini hutaki maendeleo?"

Shangazi akafungua mdomo. Macho yake yakatembea ukutani, kama ya mtu anayetafuta mlango.

"Redio imekwisha betri!" mtu akasema nyuma. Watu wakacheka.

Nikamvuta kanga. "Shangazi, mtama. Sema mtama."

Akanitazama usoni, taratibu. "Mtoto wa nani huyu?"

Kicheko kikakatika. Hata mgambo alitazama sakafu, akasogea nje ya mlango.

"Basi hana pingamizi," bwana yule akasema. "Anayefuata."

Leo niko chuo kikuu, nasimama kwenye midahalo, na yamenipata mimi pia: ukumbi umejaa, kichwa kitupu, hoja ya kwanza siioni. Nilipokaa tu, zikarudi zote. Mwalimu wangu anasema hofu huifunga kumbukumbu kwa muda, kisha huiachia. Namwamini. Ila siku ile ya mdahalo, kabla ya kuwaza lolote, nilitazama sakafu kama ina mawe.

Kinachonichoma ni hiki: kwetu wanaulizana mpaka leo ni mfu gani aliyemchukulia Shangazi maneno. Hakuna anayeuliza kuhusu yule aliye hai, aliyekaa mezani, wala bunduki ya mlangoni. Wapagazi wa watu! Walibebeshwa wakiwa hai, nasi tukawabebesha na hili.

Kesho yake lori lilikuja. Tulikaa juu ya mikeka na kinu, nyumba imekwisha kuezuliwa. Lori lilipoondoka, Shangazi alinishika mkono, akaniita kwa jina langu, akaanza: "Bwana, mtama wangu una mashuke mabichi..." Akasema yote, kwa mpangilio, hakuruka kitu, akilitazama shamba likibaki nyuma. Injini ilinguruma, dereva hakusikia neno.

Nimesikiliza wasemaji wengi tangu hapo. Sijasikia hoja iliyonyooka kama ile, na aliyeisikia ni mimi peke yangu.