Jina Ndani ya Wimbo

Harufu ya petroli ya jenereta hunirudisha kwenye Jumapili moja mchana, orkestri ilipokuja kupiga karibu na soko la Kasongo. Wanamuziki walifika kwa pikipiki kutoka Kabambare, magitaa mgongoni, nguo nyekundu kwa vumbi, na mama akawapikia sombe, yaani majani ya muhogo, na samaki. Mwimbaji alipokuwa akinawa mikono, alisema:

— Mama, aksanti. Leo nitaweka jina ya mutoto wako moja mu wimbo. Ya nani?

Nilisimama wima mbele yake. Nyimbo zao zote nilizijua.

— Weka ya huyu mudogo, mama alijibu. Mukubwa iko na haya.

Jina la mdogo wangu lilitoka kwenye spika mara nne. Watu walimbeba mabegani, naye akaniinamia kutoka juu, mimi mkubwa wake:

— Yaya, umesikia?

Orkestri ile bado inapiga. Mwimbaji ana mvi, magitaa ni mengine, lakini jina limebaki ndani ya wimbo. Jumapili hii nilisimama karibu na jenereta. Nafasi ya jina ilipofika, nilitaja langu, mara zote nne, na spika ikaifunika sauti yangu.