Siku Mahakama Ilipohamia Nyuma ya Choo

Nichekeni tu jamani, maana hata mimi siku hizi nacheka, ila siku ile nilitamani ardhi ya Rungwe ipasuke inimeze, na tope lake lote juu yangu.

Simu za mkononi ndiyo kwanza zilikuwa zinafika Tukuyu, na mimi, mwalimu wa kutoka Singida, nilikuwa nayo moja (kubwa kama kipande cha sabuni ya kufulia, naivaa kiunoni hata nikienda kisimani). Sasa nilikuwa na ng'ombe, nikamkabidhi Mzee Ambakisye wa Kyimo anitunzie, tukakubaliana ndama wa kwanza wangu, wa pili wake. Akazaliwa jike mzuri, nikampa jina Neema, nikawa namtembelea kila Jumapili kama mchumba, halafu alipokuwa mtamba wa kutamanika mzee akaniambia bila hata kupepesa macho, "Mwalimu, umesahau. Wa kwanza wangu. Wa pili ndiye wako." Nikaumia sana, nikaenda mahakama ya mwanzo.

Shahidi nilikuwa naye mmoja tu, Tusekile, mke wa mtoto wa mzee, mama mlokole asiyejua kudanganya. Siku ya makubaliano alikuwa jikoni na alisikia kila neno. Kwa nini jikoni? Kwa sababu kwa mila ya Wanyakyusa mkamwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso wala hawazungumzi, wakikaribia kukutana njiani mama anaingia migombani. Sasa mtu wa hivyo utamsimamishaje kizimbani mbele ya mkwewe?

Hapo ndipo nilipojiona nina akili. Nikaazima simu ya pili kwa muuguzi wa zahanati, nikampa Tusekile, nikamwambia aende kanisani Lupepo ambako mtandao unashika, asubiri. Mbele ya hakimu nikasimama kifua mbele: "Mheshimiwa, shahidi wangu yuko kwenye simu."

Hakimu (naye mgeni, mtu wa pwani, baridi ilikuwa inamtesa ndani ya makoti mawili) akafungua kitabu cha sheria, akafunga, akafungua tena. "Sheria inataka shahidi afike mbele ya mahakama," akasema. "Lakini haikusema afike na miguu."

Wazee wa baraza, wale wawili wanaokaa naye kuamua kesi, wakabishana: simu ni uso au si uso? Mmoja akasema ni ukuta tu, kama ule wa jikoni. Wakakubaliana ni ukuta.

Tatizo, ndani ya mahakama mtandao haukushika. Ulikuwa unashika mahali pamoja tu, nyuma ya choo cha mahakama, kando ya migomba. Basi mahakama ikahama! Hakimu na kiti chake, wazee wa baraza, karani na meza, watazamaji na miavuli yao, mvua inanyunya, wote nyuma ya choo. Nikapiga, Tusekile akapokea, Biblia ikawekwa chini ya simu, akaapa. Hakimu akasikiliza huku anaturudishia kila neno kwa sauti, maana simu zile zilikuwa za sikio moja tu, na maneno yalikuwa yananinyookea mimi mpaka nikaanza kumfikiria Neema yuko bandani kwangu.

"Mdaiwa, muulize shahidi maswali," hakimu akasema.

Mzee Ambakisye akaruka nyuma. "Sauti ya mkamwana iniingie sikioni, malafyale? Mwiko!" (Malafyale ni chifu kwao, ndivyo alivyomwita hakimu.)

Ikaamuliwa mzee aulize kwa mdomo tu, kisha simu apewe mzee wa baraza asikilize jibu. Mzee Ambakisye akaishika kwa ncha za vidole, akapiga kelele, "Siku hiyo mvua ilikuwa inanyesha, ulisikiaje?" akaitupa kwa mzee wa baraza. Mtandao ukaanza kukatika, wazee wa baraza wakawa wanarudi nyuma hatua kwa hatua kuutafuta, Mzee Ambakisye naye kawafuata kinyumenyume kuelekea migombani.

Ghafla yule mzee wa baraza akatabasamu. "Simu hii ina nguvu! Namsikia kwa masikio yote mawili!"

Kumbe Lupepo mtandao ulikuwa umekufa tangu asubuhi, na mama wa watu akaelekezwa kwamba siku hiyo unapatikana mahali pamoja tu, nyuma ya choo cha mahakama. Alikuwa amepanda kwa njia ya bondeni, yuko upande wa pili wa migomba hiyohiyo, naye anarudi kinyumenyume kuutafuta. Yeye na mkwewe wakagongana migongo. Wakageuka.

Sijawahi kusikia yowe kama lile. Tusekile akajifunika khanga kichwa kizima na kutumbukia bondeni na simu ya muuguzi, na Mzee Ambakisye akaingia chooni, akajifungia kwa komeo.

Hukumu ilisomwa mlangoni pa choo. Hakimu alisema shahidi amefika mwenyewe mbele ya mahakama, wote tumemwona, hivyo sheria imeridhika, na mtamba ni wa mwalimu. "Mdaiwa, umesikia?"

"Nimesikia, malafyale," ikajibu sauti kutoka ndani. "Ila sitoki mpaka aonekane ng'ombe wa kuchinjwa kulisafisha jambo hili."

"Atamtoa nani?"

"Aliyeleta simu."

Wote wakanigeukia, hata hakimu, ambaye nadhani alikuwa anakihitaji choo chake. Nilijitetea kwamba simu ni ukuta, wao wenyewe ndio walioamua, lakini kule Singida hatuna mila hiyo na sikuwa na mtu wa kunisaidia kubisha. Ng'ombe niliyekuwa naye mkononi siku hiyo alikuwa mmoja tu, yule aliyeletwa mahakamani kama kielelezo. Nilikaa naye Neema muda wa kutoka mahakamani mpaka uwanjani kwa mzee, na nasema bila aibu kwamba nililia.

Tangu hapo nimeapa: nikiwa na jambo na mtu, simu inabaki nyumbani, mimi ndiye nakwenda.

Jioni, nyama ikiwa tayari, Mzee Ambakisye aliniletea sahani mwenyewe, uso umemnyooka, akanisogezea kipande kinono. "Ndaga fijo, mwalimu, asante sana," akasema. "Wa kwanza ndiye huyu tumekula. Si nilikwambia tangu mwanzo? Wa pili ndiye wako."