Fundi wa Majoho

Fundi wetu haongei akiwa na pini mdomoni, na pini ni nadra kumtoka mdomoni. Hapa ofisi ya akina mama wa misheni, mjini Jeonju, kila mwanamke anayebarikiwa kuwa mchungaji hushonewa joho naye, bila malipo, huku akiimba tenzi puani. Majuzi mzee wa kanisa, Mzee Pyo, alimleta mchungaji wao mpya, Seonyeong, apimwe.

"Mikono ifupishe, mama," akasema. "Baada ya ibada ataosha mabakuli ya tambi za mchana, isije ikalowa."

Seonyeong akainamisha macho. Fundi akatema pini kiganjani, moja moja, mpaka zikaisha.

"Mzee Pyo, hebu sogea nikupime na wewe."

"Mimi tena?" Akavuta tumbo ndani, akatanua mabega.

Siku ya kubarikiwa, mikono ya joho la Seonyeong ilifika hadi kwenye viganja. Mzee Pyo akafungua kifurushi alichopewa na fundi mbele ya kanisa zima: aproni, jina lake limetariziwa kifuani kwa uzi wa dhahabu.

"Vaa tuone!" wakamshangilia akina mama.

Mchana Mzee Pyo alikuwa jikoni akiosha mabakuli, povu hadi viwikoni. Fundi akamzunguka, akamkazia mikanda mgongoni, akatoa pini mdomoni.

"Imekukaa," akasema. "Jumapili ijayo usiisahau nyumbani."