Wageni wa Alhamisi Wanakuja, na Binti Yangu Anafichwa

Admin, jina langu lifiche kabisa, na kijiji usitaje. Sema tu ni mama wa huku Meru. Nina miaka thelathini na sita, nimeolewa, na nina binti mmoja, nitamwita Kendi. Ana miaka kumi na tatu lakini hatembei, hasemi, hata shingo huishika kwa shida. Ubongo wake uliumia nikimzaa. Namlisha, namwosha, nambeba kutoka kitandani hadi kwa kiti. Zamani alikuwa mwepesi. Sasa tunakaribia kulingana, na mgongo wangu umeisha. Cherehani yangu niliiacha kitambo maana hakukuwa na wa kunipokea mtoto. Watu wakinikuta sokoni husema, "Mama Kendi, wewe una moyo." Moyo gani? Kuna siku nilijifungia chooni nikauma leso ili nisisikike nikilia.

Mwaka jana dada mmoja wa kliniki, yule humnyoosha Kendi viungo, alinivuta kando. Akaniambia kuna kikundi cha watu wanaotunza walemavu nyumbani, hukutana kila Alhamisi mchana mjini, kwa chumba cha nyuma ya kanisa, na kuna mshauri wa kuwasikiliza. Nilimwambia mume wangu. Ana duka la vipuri pale Makutano, ni mtu mpole, hajawahi kuniinulia mkono. Siku hiyo aliweka kijiko chini. "Mambo ya Kendi ni ya hii nyumba. Unataka tutangazwe?" Mama yake, ambaye tunaishi naye boma moja, akaongeza kwamba mwanamke wa maana hatembezi shida zake kwa watu.

Hapo ndipo nilijitia kitanzi mwenyewe. Huku kwetu mke wa mtu akitoka lazima aulizwe anaenda wapi, isipokuwa ni kanisa, soko, matanga ama chama cha akina mama cha kuchangiana pesa. Basi nikasema nimeingia chama. Mama mkwe alifurahi ajabu! "Sasa umeamka! Wewe nenda, mimi nitakaa na mtoto."

Jamani, nisiwadanganye, hizo Alhamisi ndizo zimeniweka hai. Siku ya kwanza mshauri aliniuliza, "Unaendeleaje?" Nikaanza mambo ya kifafa cha Kendi na dawa zake. Akanizuia polepole, "Sijauliza Kendi. Nimeuliza wewe." Nililia mpaka nikaona aibu. Mzee mmoja anayemtunza mke wake aliyepooza akaniambia, "Lia tu, mwanangu. Hicho kiti mimi nimekililia kabla yako." Kule nilisema kitu sijawahi kusema popote, kwamba huwa naomba Kendi atangulie kufa, kwa sababu nikitangulia mimi, nani atamgeuza kitandani? Hakuna aliyeshtuka. Mama mmoja aliyekaa karibu na mlango alisema, "Mimi pia." Hayo tu. Nilirudi nyumbani nikamwosha binti yangu nikiimba.

Sasa shida ni hii. Chama huzunguka. Zamu yako ikifika, wenzako wanakuja kwako wamevaa vitenge sare, wanaanza kuimba wakiwa langoni, wamekubebea masufuria na vikombe, na wewe unawalisha. Hilo nilijisahaulisha. Mama mkwe hakusahau. Kila wiki, "Zamu yako ni lini? Ama wamekuona hufai?" Nikababaika, nikasema baada ya mavuno. Haya, mavuno yameisha. Mume wangu amepaka sebule rangi na kufunga mbuzi nyuma ya jikoni. Mama mkwe amealika dada zake. Siku ni Alhamisi ijayo.

Nilienda kwa kikundi, nikaungama uongo wangu wote. Walicheka! Yule mzee akapangusa macho, akauliza, "Na mimi nitashonewa kitenge gani?" Wakasema watakuja kama chama changu, hata vikombe watabeba, na mimi nikaanza kupumua.

Halafu jana mama mkwe akanikuta nikichambua maharagwe. Alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayepanga viti. "Hiyo siku Kendi apelekwe kwa shangazi yake. Wacha wageni wakule vizuri." Nilimgeukia mume wangu aliyekuwa hapo karibu. Yeye akawa anamwangalia mbuzi. "Ni siku moja tu, Mama Kendi," akasema. Uchungu niliosikia hapo, wacha tu.

Nilimpigia simu yule mama wa "mimi pia." Akaniambia, "Dada, sisi hatuji kunywa chai. Tunakuja kumwona Kendi. Tukimkosa, tutamuulizia mbele ya watu wako."

Nimekwama, ndugu zangu. Nikisema ukweli kwamba wageni wanakuja kumwona Kendi, mume wangu atajua nimemdanganya mwaka mzima, na Alhamisi zangu zimekwisha. Bila hizo, haki ya Mungu siwezi, najijua. Nikiahirisha, mama mkwe ameshauliza chama hukutana wapi, ataenda mwenyewe. Nikinyamaza, nitakuwa nimemficha mtoto wangu kutoka kwa watu pekee, mbali na mimi, wanaouliza alilalaje.

Na Kendi hasemi, lakini anasikia kila kitu. Amesikia kuna wageni. Tangu jana nikimvalisha anakaza mikono, anakataa kila nguo. Anaangalia lile rinda la njano la Krismasi lililoning'inia ukutani, kisha ananiangalia mimi, anacheka. Nyinyi mnaosoma hii mkiwa na akili iliyotulia, niambieni kabla ya Alhamisi. Nimvalishe hilo rinda, ama nimfungie nguo za kwenda kwa shangazi?